PPR, PVC, GI au HDPE: bomba lipi kwa sehemu ipi ya nyumba

Bomba lenyewe huvuja mara chache sana. Kinachovuja ni kiungo: pale elbo ilipofungwa, pale soketi ilipogundishwa, pale koki inapotokeza ukutani. Kwa hiyo anayesimama dukani akibonyeza mabomba kwa kidole ili ajue lipi gumu ameanzia pabaya. La kuuliza kwanza ni kwamba bomba hili litaungwa vipi, na je, mahali linapopita pana nafasi na ukavu wa kuliunga hivyo? La pili ni maji yenyewe: ni ya moto au baridi, yanashuka tu kutoka kwenye tenki la juu au yanasukumwa na pampu? La tatu ni jua.

Aina nne ndizo zinazoshindaniwa kwenye matengenezo ya kawaida. PPR ni plastiki nene, ya kijani au nyeupe, inayoungwa kwa kuyeyushwa. PVC ya presha huungwa kwa gundi. GI ni chuma kilichopakwa zinki, kinachofungwa kwa hesi, yaani mifuo ya kuzungusha kama ya skrubu. HDPE ni lile bomba jeusi la kuviringishwa, mara nyingi lina mstari wa buluu, nalo hufungwa kwa fitingi za kubana.

| | PPR | PVC ya presha | GI | HDPE |
|---|---|---|---|---|
| Kiungo | kuyeyusha | gundi | hesi | kubana |
| Maji ya moto | ndiyo, hadi nyuzi 70 kila siku | hapana | ndiyo, ila zinki haipendi zaidi ya nyuzi 60 | hapana |
| Jua la moja kwa moja | linalipasua | linalikausha | halina neno | jeusi hustahimili |
| Kurefuka kwa kila m 10, joto likipanda nyuzi 10 | mm 15 | mm 7 | mm 1.2 | karibu mm 20 |
| Kufungulia maji baada ya kuunga | kiungo kikishapoa kabisa | baada ya saa 24 | hapo hapo | hapo hapo |

Kipenyo kinachodanganya

Kabla ya kuchagua aina, tuliondoe kosa moja linalofanya watu walaumu bomba jipya bure. GI hutajwa kwa tundu la ndani kwa makadirio: bomba la nusu inchi lina tundu la mm 16 hivi. Plastiki hutajwa kwa kipenyo cha nje. PPR ya mm 20 yenye alama PN20 ina ukuta wa mm 3.4, kwa hiyo tundu lake ni mm 13.2 tu. Ukitoa chuma cha nusu inchi ukaweka PPR hiyo, umepunguza njia ya maji kwa karibu theluthi moja. Halafu bafu la juu linatoa maji kwa kudondoka, na lawama inaangukia pampu.

Inayolingana na nusu inchi ya chuma ni PPR ya mm 25 PN20, yenye tundu la mm 16.6. Kama ni maji baridi tu, mm 20 PN10 inatosha, maana ukuta wake ni mm 1.9 na tundu linabaki mm 16.2.

Hiyo PN ni presha ambayo bomba limepimwa kuhimili kwa miaka mingi, kwa bar, maji yakiwa nyuzi 20. Joto likipanda, uwezo unashuka: PN20 ikibeba maji ya nyuzi 60 hubakiwa na karibu nusu ya nguvu yake. Ndiyo sababu njia ya maji ya moto hupewa PN20, hata kama presha ya nyumba haifiki bar 5. Kwa maji yanayoshuka kutoka tenki, piga hesabu ndogo: kila mita 10 za kimo ni bar 1. Tenki lililo mita 4 juu ya koki linatoa bar 0.4. Hapo kununua bomba nene kwa ajili ya maji baridi ni kulipia ukuta usiohitajika na kujinyima tundu unalolihitaji.

PPR: kiungo bora kuliko vyote, kikipata nafasi

PPR ikiyeyushwa vizuri, bomba na fitingi huwa kitu kimoja. Hakuna mpira wa kuchakaa wala hesi ya kula kutu. Kwa mabomba yanayofukiwa ukutani, hasa ya maji ya moto, ndiyo ningeitaja kwanza.

Ubora huo unategemea sekunde chache. Mashine huwekwa nyuzi 260 na kuachwa mpaka taa yake ionyeshe joto limefika. Bomba hukatwa kwa mkasi wake, mraba kabisa. Likikatwa kwa msumeno, mabaki hukwanguliwa. Pima kina cha kuingia na ukitie alama kwa penseli: mm 14 kwa bomba la mm 20, mm 16 kwa la mm 25, mm 18 kwa la mm 32. Sukuma bomba na fitingi kwenye mashine kwa pamoja bila kuzungusha. Anza kuhesabu vyote viwili vikishaingia hadi mwisho, si pale vinapogusa: sekunde 5 kwa mm 20, 7 kwa mm 25, 8 kwa mm 32. Chomoa, ingiza bomba kwenye fitingi ndani ya sekunde 4, nyooka hadi kwenye alama, kisha tulia. Ukitaka kunyoosha pembe, una muda huo huo wa sekunde chache na ni kwa nyuzi 5 hivi, si zaidi. Baada ya hapo, dakika 2 hadi 4 kiungo kisiguswe.

Kikifanywa sawa, utaona pete mbili za plastiki zimevimba mdomoni, zimefuatana pande zote bila pengo. Pete moja ikikosekana upande mmoja, bomba liliingia limepinda au halikupata joto la kutosha.

Kosa baya zaidi halionekani kwa nje. Joto likizidi, au bomba likisukumwa kupita alama, plastiki laini hukusanyika ndani na kuziba tundu. Kiungo hakivuji, kipimo cha presha kinapita, lakini maji ni haba daima. Ukishaweka vigae, kukipata ni kazi ya kubomoa. Kwa bomba la mm 20 jiwekee mazoea ya kuchungulia kila kiungo ukiwa na tochi, na kile usichoweza kuchungulia, pitishia maji kabla ya kuendelea.

Sasa udhaifu wa PPR kwenye matengenezo. Ili mashine iingie, bomba na fitingi lazima viachane, kisha virudiane kwa kina cha alama. Bomba lililoshikwa na zege pande zote halisogei. Tena, likiwa na tone la maji halifai: maji yanageuka mvuke, mvuke unaacha vitundu kwenye kiungo. Kama koki kuu haifungi sawasawa na maji yanachirizika, usijaribu kuunga kwa moto hapo. Chimba ukuta pande zote mbili, karibu sm 30 au zaidi, ili bomba lipate kucheza. Unga vipande vingi iwezekanavyo nje, mezani, kisha kiungo cha mwisho kiwe yunioni (kiunganishi kinachofunguka bila kuzungusha bomba) mahali panapofikika.

Kurefuka kwenye maji ya moto kusisahaulike. Mita 10 za PPR ya kawaida zikitoka nyuzi 20 hadi 60 hurefuka mm 60. Likiwa ndani ya lipu bomba linabanwa na halileti shida kubwa, lakini likipita juu ya dari limefungwa kwa klipu kaza, litapinda kama nyoka na kuvuta elbo za mwisho. Kwa njia ndefu ya wazi nunua ile yenye nyuzinyuzi za kioo katikati ya ukuta wake, ambayo hurefuka kama robo au theluthi ya hiyo, na weka klipu kila sm 60 hivi zinazoruhusu bomba kuteleza.

PVC: rahisi, kwa maji baridi, na kwa anayeweza kusubiri

PVC haihitaji mashine. Msumeno, msasa, kitambaa, kisafishio na kopo la gundi vinatosha, na ndiyo inayomfaa mwenye nyumba anayefanya mwenyewe njia ya maji baridi. Isipewe maji ya moto hata kidogo. Kwenye nyuzi 45 imeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa presha, na ikifika nyuzi 60 inalegea. Hata lile bomba fupi linaloingiza maji baridi kwenye hita huiva, kwa sababu joto hurudi nyuma. Acha angalau nusu mita ya chuma au PPR kati ya hita na PVC.

Soma maandishi ubavuni. Bomba la maji machafu na la presha yanaweza kufanana rangi na kipenyo, na soketi zikaingiliana vizuri tu. Kama hakuna PN au bar iliyochapishwa, hilo si la presha. Litakaa wiki kadhaa, kisha lipasuke usiku pampu ikiwaka.

Gundi ya PVC haigandishi kama gundi ya mbao. Inalainisha plastiki za pande mbili ziingiliane. Ndiyo maana uso uliong'aa lazima ukwanguliwe kwa msasa na kufutwa kwa kisafishio. Chonga ukingo wa bomba kwa tupa kidogo, la sivyo utasukuma gundi yote ndani. Pakaza safu nyembamba ndani ya soketi na nene zaidi kwenye bomba, ingiza huku ukizungusha robo duara, kisha shikilia sekunde 30. Usipoishikilia, soketi ina mteremko kidogo ndani na bomba hujisukuma kutoka polepole, nawe umeshageuka kuchukua kipande kingine. Futa gundi iliyozidi. Gundi iliyotuama chini ya elbo inaendelea kulainisha ukuta wa bomba, na ufa wa baadaye huanzia hapo hapo.

Gundi iliyogeuka kama uji mzito imekwisha. Usiizimue.

Kwenye kukarabati, PVC ina faida moja PPR haina: kuna soketi ya kutelezesha, isiyo na kizuizi katikati. Unakata kipande kilichopasuka, unatelezesha soketi mbili juu ya bomba la zamani, unaweka kipande kipya, kisha unarudisha soketi juu ya maungio. Bomba halihitaji kusogea hata kidogo. Ila lazima liwe kavu, na saa 24 bila maji ndizo zinazoudhi. Gundi za haraka zipo. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo, si ule wa jirani.

GI: pale panapogongwa na panapopigwa jua

Chuma hakipasuliwi na jembe, hakilegei kwa jua, hakipindi kati ya klipu zilizoachana mita 1.8. Kwa bomba la kusimama bustanini, kichwa cha koki inayofungwa na kufunguliwa kutwa nzima na kipande kinachopanda ukutani hadi juu ya paa, bado sijaona plastiki inayokifikia chuma.

Tatizo lake liko ndani. Zinki huisha, kutu inajenga maganda, na tundu la mm 16 linabaki jembamba kama penseli. Huanzia kwenye hesi, kwa sababu dai (kifaa cha kukatia hesi) inapokata huondoa zinki pamoja na chuma, na ukuta pale unabaki mwembamba kuliko mahali pengine popote. Kwa hiyo bomba kuukuu linalovuja kwenye hesi kwa kawaida lina wenzake wanaongojea zamu. Ukikaza kiungo kimoja kwa spana ya bomba, nguvu inasafiri hadi kiungo cha pili na kukivunja. Nionavyo, ukikuta kiungo cha pili kinavuja ndani ya mwaka mmoja kwenye nyumba ile ile, acha kuziba. Badilisha njia nzima ya ukutani kwa PPR na uache chuma sehemu zilizo wazi tu.

Kama ni kiungo kimoja na bomba bado zuri, kumbuka kuwa kipande cha katikati hakifunguki kwa kuzungushwa: ukikilegeza upande huu kinakaza upande ule. Kikate kwa msumeno wa chuma, fungua nusu mbili, kisha rudishia vipande viwili vifupi vyenye yunioni kati yao. Toa kipimo ukiwa umehesabu hesi inayoingia ndani, kama mm 13 kila upande kwa bomba la nusu inchi.

Tepu nyeupe huzungushwa kufuata mwelekeo wa kukaza: ukiitazama ncha ya bomba, kwa mkono wa saa. Mizunguko 3 hadi 5 ya tepu nyembamba inatosha kwa hesi nzuri. Hesi iliyochakaa hukubali katani na pasta ya mabomba zaidi ya tepu. Ukishakaza, usirudishe nyuma hata robo ili kulenga koki. Tepu imeshakatika hapo. Fungua yote, zungushia upya.

Usiunge GI baada ya bomba la shaba nyekundu kwa kufuata maji yanakokwenda. Chembe za shaba zinazobebwa na maji hutua kwenye zinki na kuitoboa haraka. Kinyume chake, chuma kwanza kisha shaba, hakina madhara hayo, mradi pale vinapokutana pawe na kiunganishi cha shaba njano au cha kutenganisha.

HDPE: kutoka mita hadi tenki

Hapa hakuna mjadala mrefu. Njia ya chini ya ardhi kutoka mita ya maji au kisima hadi tenki ni ya HDPE, kwa sababu inakuja kwa roli ya mita 50 au 100 na unafika bila kiungo hata kimoja. Udongo ukitembea, inatembea nao. Masizi yaliyochanganywa ndani yake huikinga na jua, basi hata kipande kinachotokeza juu hakina haja ya rangi. Fukia sm 45 hadi 60, chini kuwe na mchanga usio na mawe makali, na iache ilegee kidogo mtaroni, maana usiku ikipoa hujivuta. Usiipitishe kwenye udongo uliomwagikiwa petroli au dizeli: mafuta hupenya ukuta wa plastiki na kuingia kwenye maji.

Fitingi yake ya kubana hushindwa kwa sababu moja karibu kila mara: mpira wa duara umesukumwa na kukunjwa kwa ndani kwa sababu ncha ya bomba haikuchongwa. Chonga ncha iwe na mteremko, paka maji ya sabuni, weka alama ya kina, kisha sukuma mpaka uhisi vizuizi viwili, wa kwanza ni mpira, wa pili ni mwisho. Kuna wanaoishia kwenye ule wa kwanza. Bomba linashika kwa mkono, halivuji kwa presha ndogo, na pampu inaling'oa.

Plastiki inapokutana na chuma

Nyumba nyingi huishia na aina mbili au tatu, na mpaka wao ndio unaosumbua. Kanuni: hesi ya nje iwe ya plastiki na ya ndani iwe ya chuma, si kinyume. Hesi ya chuma hunenepa kadiri inavyoingia. Ikikazwa ndani ya soketi ya plastiki inafanya kazi ya kabari na kuipasua, labda si leo, bali baada ya miezi michache ya presha kupanda na kushuka. Kwa PPR nunua fitingi yenye kiini cha shaba njano ndani yake. Hata hiyo, kaza kwa mkono kisha mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa spana, huku spana ya pili ikishika mwili wa fitingi ili kiini kisizunguke ndani ya plastiki. Tepu nyingi kupita kiasi inapasua vilevile.

Uchague lipi, basi

Bomba limevuja ndani ya ukuta wa bafu, la maji ya moto, na koki kuu inafunga vizuri: PPR, na ubomoe vya kutosha. Koki kuu haifungi na hakuna muda wa kuibadilisha: fitingi ya kubana inayolingana na bomba lililopo, lakini isifukiwe, acha kidirisha cha kufungulia, kwa sababu mpira wake siku moja utachoka.

Njia ya maji baridi hadi jikoni, ukuta haujapigwa lipu, na unafanya mwenyewe: PVC, kama huna mashine. Ukiweza kuazima mashine ya PPR, chukua PPR, baada ya kuunga vipande vitano au sita vya majaribio na kuvikata kwa urefu uone ndani.

Tenki juu ya paa: pale linapotokeza juani weka GI au HDPE. Kama lililopo ni PPR au PVC na hutaki kulibadilisha, livishe sponji ya kufunikia mabomba au lipake rangi ya maji isiyo na kiyeyushi kikali. Rangi za mafuta zina vimumunyisho visivyopatana na PVC.

Chochote utakachochagua, presha ipimwe kabla ya lipu wala si baada. Ziba ncha zote, jaza maji polepole huku hewa ikitoka kwenye ncha ya juu kabisa, kisha pandisha kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwa nyumba nyingi ni bar 6 hadi 9. Kwenye GI sindano isisogee kwa saa nzima. Kwenye PPR na HDPE itashuka kidogo mwanzoni hata bila kuvuja, kwa kuwa plastiki hutanuka. Rudisha presha kila dakika 10 kwa nusu saa, kisha iache saa moja. Ikishuka tena zaidi ya nusu bar, pita kiungo kwa kiungo na karatasi ya chooni kavu. Tone lisiloonekana kwa macho linaonekana hapo mara moja.